Chini ya Taita: Historia ya Ardhi Iliyotobolewa

Vyuo vikuu vingi vya Marekani vilivyojengwa kwenye baridi kali vina mji wa pili chini ya mji. Ni njia za zege zinazopitisha mabomba ya mvuke wa kupashia joto madarasa na mabweni, na kila kizazi cha wanafunzi hakikosi vijana wake wanaojipenyeza humo usiku na tochi, mradi tu wakasimulie kwamba walifika. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichoko Ngerenyi juu ya Mwatate, hakina kitu cha namna hiyo. Ukungu wa asubuhi wa milima ile unaweza kukufanya utafute sweta, lakini haujafikia kiwango cha kudai mabomba ya mvuke. Mwanafunzi wa Ngerenyi anayetaka kuona dunia ya chini hushuka mlima.

Huko bondeni, kuanzia Mwatate kupitia Kamtonga na Mkuki hadi upande wa Kasigau, nchi imetobolewa. Kuna mashimo mapya yanayotoa vumbi na mashimo makuukuu yaliyoota vichaka mdomoni. Yapo yaliyochimbwa kwa mashine na baruti, yapo yaliyochimbwa kwa nyundo na tindo na watu waliolala njaa. Historia ya Taita Taveta huandikwa kwa kawaida kwa kufuata reli, simba wa Tsavo na vita vya Wazungu. Mimi naona inasomeka vizuri zaidi kwa kufuata mashimo yake: nani aliingia ardhini, alifuata nini, na ni nani aliyekuwa na karatasi ya kusema shimo ni lake.

Pango la ukoo, kabla ya 1883

Kwa Wadawida, Wataita wa milima ya Dawida, pango halikuwa mahali pa kuchimba, lilikuwa mahali pa kurudi. Mzee akifariki alizikwa, kisha baada ya muda, mwili ukishaoza, kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa na kupelekwa kwenye pango la ukoo chini ya mwamba. Huko lilipangwa pamoja na mafuvu ya waliotangulia. Kila ukoo, kichuku kama wenyewe wanavyouita, ulikuwa na pango lake, na wajukuu walikwenda huko kuwaomba wazee wao wakati wa ukame, maradhi au ugomvi usiokwisha. Baadhi ya mapango hayo yapo mpaka leo katika milima ya Dawida, mafuvu yakiwa yamejipanga gizani.

Hili si jambo la mila peke yake. Pango lilikuwa hati ya ardhi. Ukoo uliokuwa na mafuvu ya babu wa babu zake kwenye mwamba fulani haukuhitaji kueleza kwa nini unalima mteremko ulio chini yake. Misitu mitakatifu ya fighi nayo ilifanya kazi ya ulinzi mpakani. Tatizo lilikuja pale walipofika watu ambao macho yao hayakuweza kusoma hati ya aina hiyo.

Mmishonari Johannes Rebmann alifika Kasigau mwaka 1847 akitokea pwani, na mwaka uliofuata akapita Taita akielekea Uchagga, safari ambayo ndani yake aliona theluji ya Kilimanjaro. Yeye alipita tu. Aliyekuja kukaa ni J. A. Wray wa Church Missionary Society, aliyefungua kituo Sagalla mwaka 1883. Kanisa halikuyapenda mapango. Kadiri madarasa ya kusoma yalivyoongezeka, ndivyo mafuvu mapya yalivyopungua, na vijana waliobatizwa wakaanza kuzikwa na kuachwa walipozikwa.

Reli na mahandaki, 1897 hadi 1916

Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwaka mmoja na ushei baadaye ilikuwa imeingia Voi. Simulizi za simba waliokula vibarua mtoni Tsavo mwaka 1898 zimeandikwa vya kutosha, sina haja ya kuzirudia. La muhimu kwa habari yetu ni kwamba reli iliifanya Voi kuwa mji, na kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka ilibidi reli hiyo ilindwe.

Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza, na kutoka huko wakawa wanatuma vikosi vidogo kupasua reli kwa baruti. Waingereza wakajibu kwa kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea magharibi, likipita Mwatate na Bura hadi Maktau mwaka 1915, kisha Mbuyuni, na hatimaye Taveta. Kando ya njia hiyo ardhi ya Taita ilichimbwa kwa wingi ambao haikuwahi kuujua. Yalikuwa mahandaki ya askari. Maktau kulikuwa na kambi kubwa iliyozungushiwa mahandaki, na kilima cha Salaita, karibu na Taveta, Wajerumani walikigeuza ngome. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walikishambulia kilima hicho wakidhani ni kazi ya asubuhi moja. Mizinga yao ilipiga kileleni, kumbe mahandaki yenye watu yalikuwa chini, karibu na miguu ya kilima. Walirudishwa nyuma kwa hasara. Mwezi mmoja baadaye Wajerumani waliondoka Salaita wenyewe, na baada ya mapigano ya Latema na Reata njia ya Moshi ikafunguka.

Mahandaki hayo bado yanaonekana, yamejaa mchanga nusu, na watalii wa vita huletwa kuyatazama. Lakini jeraha kubwa zaidi la vita hivyo halina handaki la kuonyesha. Mwaka 1915 Wajerumani walishika kilima cha Kasigau, na Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliowaongoza. Adhabu ilikuwa kuhamishwa kabila zima. Wakasigau walitolewa mlimani na kupelekwa Malindi, mahali penye joto na homa ambazo miili yao haikuzizoea, na wengi walikufa huko. Waliosalia waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930. Kwa miaka ishirini hivi mapango ya wazee wao hayakuwa na mtu wa kuyatembelea, na nyika iliyozunguka mlima ilionekana kwenye ramani za serikali kama nchi isiyo na mtu.

Karatasi mbili za mwaka 1940

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Wataita walikuwa wamebanwa. Juu milimani mashamba yalikuwa yamegawanywa hata yakawa vipande, na chini bondeni palikuwa na mashamba ya mkonge na ardhi ya serikali. Serikali nayo ikaja na mipango ya kupunguza mifugo na kuwahamisha watu. Ndipo mwaka 1939 kikaundwa chama cha Taita Hills Association, na jina la kiongozi wake, Mengo Woresha, likavuma. Chama kilidai ardhi. Mwezi Mei 1940, kwa kisingizio cha Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilikipiga marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na Mengo akawekwa kizuizini.

Mwaka huohuo koloni la Kenya lilipata sheria ya madini. Kiini chake kilikuwa rahisi: kilicho ardhini ni cha serikali, na anayetaka kukichimba aombe leseni. Hakuna aliyezitunga karatasi hizi mbili kwa pamoja, na wala sidhani kuna karani aliyewahi kuziweka meza moja. Hata hivyo zilikwenda pamoja. Ya kwanza ilinyamazisha waliokuwa wakidai uso wa ardhi, ya pili ikachukua tumbo lake kabla mtu yeyote hajajua lina nini. Sheria hiyo ya madini ilidumu miaka sabini na sita.

Maji yanayopita chini, 1948 hadi 1957

Mwaka 1948 Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa, na mwaka uliofuata ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti ya leo imo ndani ya mbuga hizo mbili. Mtu wa Taita akisema hana pa kupanua shamba, anayasema hayo huku akitazama nyika inayofika upeo wa macho.

Ndani ya Tsavo Magharibi kuna chemchemi ya Mzima. Mvua hunyesha kwenye vilima vya Chyulu, ambavyo ni vya majivu na mawe ya volkeno yenye vitundu kama sifongo, maji yakazama yote bila kuacha mto hata mmoja juu. Yanasafiri chini kwa chini kilomita zipatazo 50 na kutokeza Mzima yakiwa safi kiasi cha kumwona kiboko akitembea kwenye sakafu ya dimbwi. Hutoka zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Chyulu penyewe lava ilipopoa juu huku ikiendelea kutiririka ndani, iliacha mapango marefu kama mifereji. Moja, Leviathan, wachunguzi wa mapango walilipima katika miaka ya 1970 na kulikuta na urefu wa zaidi ya kilomita 10. Maumbile yalichimba kabla ya binadamu, na yalichimba vizuri zaidi.

Mombasa ilikuwa na kiu. Bomba likalazwa ardhini kutoka Mzima, likashuka hadi pwani kwa umbali wa zaidi ya kilomita 200, na mwaka 1957 maji yakaanza kupita. Voi hupata sehemu yake, lakini bomba lile halikulazwa kwa ajili ya Voi. Katika mikutano ya hadhara ya Taita Taveta, tangu enzi za madiwani wa halmashauri hadi magavana, bomba la Mzima halikosi kutajwa, na anayelitaja hakosi kupigiwa makofi. Maji yanapita chini ya miguu ya mama anayesukuma mkokoteni wa mitungi.

Jiwe la kijani na jiwe jekundu, 1967 hadi 1974

Miamba ya Taita ni sehemu ya ukanda mrefu uliopondwa na kupikwa miaka milioni 600 hivi iliyopita, mabara yalipogongana. Ukanda huo unatoka Msumbiji, unapita Tanzania, unaingia Kenya na kuendelea kaskazini. Udongo mweusi wenye kaboni uliokuwa chini ya bahari ya kale uligeuka mwamba wenye grafaiti, chokaa ikageuka marumaru, na katika kupikwa huko vanadi kidogo ikaingia kwenye ganeti na kuipaka rangi ya kijani. Mambo haya hayakuandikwa popote Taita wakati ambapo watoto walikuwa wakichunga mbuzi juu yake.

Campbell Bridges alikuwa mwanajiolojia mzaliwa wa Scotland aliyelelewa Afrika. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia jinsi nyati alivyomkimbiza hadi korongoni kule Rhodesia mwaka 1961, na akiwa amejibanza humo akaona vijiwe vya kijani. Mwaka 1967 aliviona tena, safari hii vikiwa vya ubora wa kito, Simanjiro kaskazini mwa Tanzania. Lakini huo ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha. Njia kuu za uchumi ziliingia mikononi mwa umma, migodi nayo ikafuata, na Bridges akaona hana mustakabali wa kuchimba huko. Alifanya jambo ambalo mwanajiolojia yeyote angelifanya: aliifuata miamba. Mpaka wa Tanzania na Kenya umechorwa kwa rula, mwamba wa grafaiti hauujui. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliipata ganeti ya kijani katika nyika ya Mwatate.

Aliishi juu ya mti, katika kibanda alichojijengea kwa kuhofia wanyama, na inasemekana mawe aliyoyapata aliyahifadhi pamoja na chatu ili wezi waogope. Mwaka 1974 Henry Platt wa duka la Tiffany la New York ndiye aliyelipa jiwe jina la kuuzia: tsavoraiti, kwa heshima ya Tsavo. Jina hilo lina utamu wake, lakini tazama limeangukia wapi. Halikuitwa kwa jina la Mwatate wala la Taita. Liliitwa kwa jina la mbuga, maana mbuga ndiyo waliyoijua wanunuzi.

Wakati huohuo, mwaka 1973, Mmarekani John Saul na mwenzake Elliot Miller waligundua rubi Mangari, upande wa Tsavo Magharibi. Haikuwa rubi ya kubahatisha, ulikuwa mgodi mkubwa. Kabla mwaka haujaisha vizuri, watu wenye uzito serikalini walikuwa wameuona pia. Mwaka 1974 Saul alifukuzwa nchini na mgodi ukapata wenyewe wapya. Mgogoro huo ulifika hadi ubalozi wa Marekani na magazeti ya nje. Mgodi umebadilisha mikono tangu hapo, lakini mpaka leo huitwa John Saul, kama kofia ya mtu iliyobaki mlangoni baada ya mwenyewe kutolewa nje.

Kisa hiki kilifundisha somo ambalo Taita nzima ililielewa bila kuandikiwa. Kama Mmarekani mwenye shahada na leseni anaweza kuamka asubuhi moja hana mgodi, basi mchunga mbuzi asiye na hata kitambulisho atasimama wapi?

Zurura

Jibu la mchunga mbuzi lilikuwa kuingia porini bila kuuliza. Wakaitwa zurura. Jina lenyewe ni la polisi na la wenye leseni, lina dharau ndani yake, lakini wachimbaji walilibeba kama beji. Zurura ni mtu anayetembea macho yakiwa chini. Anajua kwamba jiwe jeusi linaloacha masizi kidoleni ni grafaiti, na kwamba palipo na grafaiti huenda pana vinundu. Tsavoraiti haikai kama mbegu kwenye papai. Hukaa ndani ya kinundu cha ukubwa wa kiazi au zaidi, na vingi vya vinundu hivyo ukivivunja utakuta jiwe lililopasukapasuka, lisilofaa. Kipande safi kinachozidi karati mbili baada ya kukatwa ni bahati ya mtu kusimuliwa.

Kazi huanza kwa mtaro. Mwamba unapoinama kwenda chini, mtaro huwa shimo, na shimo likawa njia ya kutambaa. Vinundu hupenda kujikusanya pale mwamba ulipojikunja, kwa hiyo njia nayo hujikunja: inashuka, inapinda, inajibana hata bega haliingii, kisha inafunguka ghafla mahali ambapo mtu aliwahi kupata kitu. Humo ndani hakuna mhandisi. Kuna nyundo, tindo, sururu, kamba, karai na tochi ya kichwani. Vumbi la mwamba unaopasuliwa kwa mkono huingia mapafuni likakaa. Joto huongezeka kadiri unavyoshuka, na hewa huwa nzito. Mvua za Novemba zikianza, udongo wa mdomoni hulegea, na hapo ndipo habari za watu kufukiwa hufika kwenye redio. Juu ya ardhi nako si salama, kwa kuwa ndovu wa Tsavo hawatambui mpaka wa mbuga.

Hakuna anayechimba kwa mfuko wake kwa muda mrefu. Kuna mfadhili, anayetoa unga, maharagwe na pesa ya kukodi kompresa, kisha jiwe likipatikana huchukua sehemu yake. Kuna broka, anayekuja na pikipiki, anayeshika jiwe dhidi ya jua na kusema halina kitu. Mchimbaji hana mzani wala chombo cha kupimia, na ana deni dukani. Broka wa Mwatate humuuzia mkubwa wa Voi, wa Voi humuuzia wa Nairobi, na jiwe hukatwa Jaipur au Bangkok. Nimeona watu wazima wakibishana kwa saa nzima kama bei ya kwanza ndiyo huamua umaskini wa mchimbaji au ni deni lililotangulia bei. Naamini ni deni. Mwenye chakula cha wiki mbili nyumbani huweza kukataa bei.

Mwanamke alikuwa pembeni mwa kazi hii mwanzoni, akiuza chai na kuchekecha mchanga uliotupwa. Baadaye alishuka mwenyewe. Kamtonga na jirani zake kuna vikundi vya wanawake wachimbaji, wengi wajane au wenye watoto shuleni, na wao ndio walioanza mapema kudai vibali na mafunzo badala ya bahati.

Ranchi zilizoundwa bondeni baada ya uhuru ziliongeza utata. Uso wa ardhi ulikuwa wa wanahisa wa ranchi, madini yalikuwa ya serikali, leseni ilikuwa ya mtu wa Nairobi au wa ng'ambo, na shimo lilikuwa la aliyelichimba. Watu wanne, mahali pamoja, kila mmoja akiwa na haki ambayo mwenzake haitambui. Kwa miaka thelathini mambo yalikwenda kwa kuvumiliana, kufukuzana na kurudi.

Agosti 2009

Tarehe 11 Agosti 2009 Bridges, akiwa na zaidi ya miaka 70, alikuwa njiani ndani ya eneo lake la uchimbaji pamoja na mwanawe na wafanyakazi wao. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na mvutano juu ya eneo hilo, wachimbaji wengine wakiingia na yeye akilalamika kwa mamlaka kwamba anatishiwa. Siku hiyo walizuiwa barabarani na kundi la watu wenye mikuki, rungu na mapanga. Aliuawa pale. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani wanaume wanne na kuwahukumu miaka 40 jela kila mmoja.

Mauaji ni mauaji, na hakuna sababu ya ardhi inayoyageuza kuwa kitu kingine. Magazeti ya nje yaliyaandika kama hadithi ya wivu porini, mzee wa mawe na genge la watu. Yalichoacha ni ile miaka mingi ambamo hapakuwa na ofisi hata moja ambayo mchimbaji asiye na leseni angeingia, akakaa kwenye kiti, na kutoka na kibali chenye jina lake. Sheria ya 1940 haikumjua. Ilimjua mwenye leseni na mhalifu, basi.

Sheria mpya, chuo kipya

Katiba ya 2010 iliyaweka madini mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo iliyofuta ile ya mkoloni, na ndiyo ya kwanza kumtaja mchimbaji mdogo kama mtu halali, mwenye kibali chake kupitia ofisi ya kaunti. Iligawa pia mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi panapochimbwa. Kuigawa kwenye karatasi ni kazi ya siku moja bungeni. Kuifikisha hiyo kumi kijijini ni habari nyingine.

Chuo cha Ngerenyi kilikuja katika kipindi hichohicho. Kilianza kama kampasi ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kikawa chuo kishiriki mwaka 2011, na mwaka 2016 kikapata hati yake, mwaka uleule wa sheria mpya. Safari hii karatasi mbili zilivuta upande mmoja. Uhandisi wa madini ukawa moja ya nguzo zake, na kituo cha umahiri wa madini na mazingira kikaanzishwa kwa ushirikiano na vyuo vya Dresden na Freiberg vya Ujerumani.

Freiberg inastahili kusimama kidogo. Ni mji wa Saxony ambako madini ya fedha yaligunduliwa mwaka 1168. Chuo chake cha madini kilianzishwa 1765, Alexander von Humboldt alisoma hapo, na mwaka 1886 profesa wake mmoja, Clemens Winkler, aligundua elementi ya gerimani kutoka kwenye madini ya mgodi wa jirani. Uchimbaji wa biashara ulikoma 1969, lakini chuo hakikuyaacha mashimo. Kiliufanya mgodi wa Reiche Zeche kuwa darasa. Mwanafunzi huvaa kofia ngumu, huingia kwenye lifti ya chuma na kushuka mita zipatazo 150, akajifunze kupima, kupasua na kupitisha hewa mahali ambapo babu zake walipasua kwa mkono. Chuo kikuu chenye mahandaki chini yake, na mahandaki yenyewe ndiyo masomo.

Taita imeingia katika undugu huu ikiwa na mashimo mengi na ngazi chache. Darasa liko Ngerenyi juu ya mlima, shimo liko Kamtonga chini ya mlima, na kati yao kuna kona za barabara ya Mwatate. Wapo wanafunzi waliozaliwa katika nyumba za zurura, na kwao mwamba wa grafaiti si picha ya kitabuni. Baba alirudi nao kwenye kucha.

Tofauti kubwa ya Freiberg na Taita, kwa maoni yangu, si mashine. Ni ramani. Wasaksoni walichora mahandaki yao kwa mamia ya miaka, kila njia na kina chake, hata leo mhandisi anajua kuna nini chini ya nyumba ya nani. Nyika ya Mwatate haijachorwa hivyo. Aliyechimba miaka ya 1980 aliondoka au alifariki, shimo lake likabaki wazi au likafunikwa na majani, na njia zake za ndani zilikuwa kichwani mwake. Kule Mererani, Tanzania, ambako wachimbaji wa tanzanaiti wamesongamana, kukutana kwa njia mbili ndani ya mwamba kuna jina lake kabisa: mtobozano, na kumewahi kuzua ugomvi mkubwa. Taita nafasi ni kubwa zaidi, lakini mwamba unaofuatwa ni mmoja. Mchimbaji akiwa amelala kifudifudi gizani huacha kupiga nyundo mara kwa mara, akatulia, akaweka sikio ukutani, asikie kama upande wa pili kuna mtu mwingine anayepiga.